Turwa: Akiba ya Usiku

Msafiri atokaye Musoma kwenda Tarime huanza safari yake katika joto la ziwa. Barabara huuvuka Mto Mara kwenye daraja la Kirumi, mahali ambapo mafunjo yameenea pande zote mbili kama zulia la kijani, kisha nchi huanza kupanda. Hewa hupoa kidogo kidogo. Migomba huonekana, na mibuni, na mashamba ya mahindi na ulezi, na baina yake mawe makubwa ya kijivu yaliyolala juu ya vilima. Mbele zaidi ni Sirari, mpakani mwa Kenya. Sisi tuliteremka kabla ya hapo, katika mji wa Tarime, tukashika njia ya kata ya Turwa, alikoolewa dada yetu mkubwa.

Ilikuwa siku za mwisho za Shaaban. Tulikuwa ndugu wawili, na mizigo yetu haikuwa ya kawaida ya wageni. Badala ya mchele na halua tulibeba betri, paneli moja iliyofungwa kwa magodoro, na mfuko wa waya. Tulibeba pia aibu kidogo, na ni haki msomaji ajue sababu yake.

Mwaka mmoja kabla, dada alitueleza kwamba mvua za radi zinapoanza, umeme hukatika, na mara nyingine hukaa siku mbili. Hilo halihitaji kutafutiwa wa kulaumiwa. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lilianza kuzalisha umeme mwaka 2024, lakini umeme hata ukiwa mwingi Rufiji, nguzo moja ikianguka kilimani huku Mara, nyumba hulala gizani. Dada ana mtoto wa miaka sita mwenye pumu. Daktari alikwishaelekeza kwamba kifua kikimbana apewe dawa kwa mashine ya mvuke, ile iitwayo nebulaiza, huku safari ya hospitali ikiandaliwa. Mashine hiyo hutaka umeme. Sisi, kwa haraka na kwa kupenda rahisi, tukamtumia betri iliyotumika ya gari pamoja na inveta ndogo. Miezi mitano haikutimia. Usiku mmoja mtoto alibanwa, mashine ikawashwa, ikaguna, ikanyamaza. Baba yake alimbeba mgongoni kwenye mvua hadi hospitali. Allah alimsalimisha.

Kosa lilikuwa letu. Betri ya gari imetengenezwa itoe nguvu kubwa kwa sekunde chache, injini iwake, kisha ijazwe upya papo hapo. Ukiitumia kuwasha taa usiku kucha mpaka iishe, risasi iliyomo ndani huharibika upesi. Kwa kazi ya nyumbani hutakiwa betri ya sola, inayostahimili kutumika polepole kwa saa nyingi; na hata hiyo, ikiwa ni ya asidi, haifai kutumiwa kupita nusu yake kila siku. Za lithiamu huvumilia zaidi, lakini bei yake ilikuwa juu ya uwezo wetu.

Jioni ile ile tuliketi na shemeji na dada tukaandika mahitaji ya usiku mmoja. Balbu nne za wati 5 kwa saa tano: wati-saa 100. Simu nne: kama 50. Redio: 20. Taa mbili za daku na Alfajiri kwa saa mbili: 20. Mashine ya mtoto, wati 120, robo saa kwa mara mbili: 60. Jumla 250. Betri yetu ilikuwa ya volti 12 na ampea-saa 100, yaani wati-saa 1,200. Nusu yake ni 600. Hizo ni siku mbili na ushei bila jua. Paneli ya wati 150, ikipata saa nne za jua kali, huingiza zaidi ya wati-saa 400 baada ya kutoa kinachopotea njiani.

"Na televisheni?" akauliza shemeji.

Dada hakujibu. Aliitazama karatasi, akaitazama ile 60 ya mwisho, kisha akaondoka kwenda kuandaa chakula. Televisheni haikuandikwa.

Asubuhi tulipanda juu ya bati pamoja na kijana fundi wa mtaani. Yeye alitaka kuielekeza paneli kaskazini, kama alivyofundishwa. Mama mkwe wa dada, bibi wa Kikurya mwenye umri mkubwa, alikuwa ameketi chini akianika muhogo juu ya jiwe.

"Mura," alimwita yule kijana, "jua la kaskazini utalipata wapi? Mimi muhogo wangu naanika kabla jua halijapanda. Adhuhuri ikipita naanua, maana mawingu yanatoka ziwani. Jua la hapa ni la asubuhi."

Tukasimama kumtazama. Turwa iko chini ya digrii mbili tu kusini ya Ikweta. Jua hupita karibu na utosi mwaka mzima, kwa hiyo kuielekeza paneli kaskazini au kusini hakuleti tofauti kubwa. Mawingu ya alasiri ndiyo yanayoleta tofauti. Tuliiinamisha kidogo upande wa mashariki, kiasi cha mvua kuosha vumbi. Shule ya bibi ilikuwa jiwe na muhogo, na somo lake lilikuwa sahihi.

Betri tuliiweka barazani nyuma, katika kabati la mbao lenye matundu, mbali na jiko na mbali na chumba cha kulala. Kwani betri ya asidi ikijazwa hutoa hewa inayoweza kulipuka kwa cheche. Vichwa vyake tulivifunika, watoto wasije wakaweka kijiko juu yake. Kwenye waya wa betri kwenda kwenye inveta, karibu kabisa na kichwa cha betri, tuliweka fyuzi ya ampea 40. Fremu ya paneli tuliiunganisha na waya wa ethi uliozikwa ardhini, kwa sababu vilima vile ni nchi ya radi. Mtume (s.a.w.) alituusia kuzima taa tunapolala, kwa hofu ya panya kuuburuta utambi na kuiunguza nyumba. Koroboi zimeondoka, lakini usia haukuondoka nazo: waya usio na fyuzi ni utambi ule ule.

Kisha, kwa Bismillah, tuliunganisha betri na kontrola ya ampea 20 kwanza, ndipo paneli. Utaratibu ni huo, kwa maana kontrola huijua betri kabla ya kupokea jua. Inveta tulichagua ya wati 300 yenye mawimbi laini, kwa kuwa mota ya mashine ya dawa hupata moto ikilishwa umeme wa mawimbi ya ngazi. Taa na chaja za simu hatukuzipitisha kwenye inveta kabisa. Inveta nayo hula: ikiachwa imewashwa bure, wati 8 tu kwa saa 24 ni wati-saa 192, karibu sawa na familia nzima. Taa zikawa za volti 12, moja kwa moja kutoka kwenye kontrola.

Taa zilipowaka jioni ile, likaja jambo ambalo hatukuliandika kwenye karatasi. Radi ilipiga, umeme wa mtaa ukakatika, na kabla ya Isha majirani watatu walikuwa mlangoni na simu zao. Wengi wao si Waislamu. Ni watu walioishi na familia hii kwa miaka, wanaozikana na kulimiana. Shemeji alizipokea simu zote. Kesho yake zikaja saba.

"Baba, na mtoto?" dada alimwambia kwa sauti ya chini.

"Jirani aje kwangu akiona taa inawaka, nimwambie nini? Haki yake iko wapi?"

"Haki yake ipo. Na kifua cha mwanao kina haki."

Hatukuwa na la kusema, kwa sababu wote wawili walisema kweli. Tulitoka barazani, tukafungua kabati, tukaitazama ile kontrola, tukaona kwamba jawabu la nusu ya swali lilikuwa mle ndani. Kontrola hukata taa yenyewe betri ikishuka mpaka kiwango ulichopanga. Inveta haipiti kwenye kontrola. Inakwenda moja kwa moja kwenye betri. Tukapandisha kiwango cha kukata hadi volti 12.2, ambapo betri ina takriban nusu yake. Maana yake ni hii: taa, redio na simu zitazimika zote, na chini yake itabaki akiba isiyoguswa na mtu ila mashine ya mtoto. Inahitaji 60 tu. Kuichota nusu ya chini usiku mmoja mmoja hakuiui betri.

Nusu ya pili ya jawabu ilikuwa la jua lenyewe. Siku njema betri hujaa kabla ya Adhuhuri, na jua linaloipiga paneli baada ya hapo huwa halina pa kuingia. Surat al-Baqara inatufundisha kutoa kile kilichozidi mahitaji. Tulikubaliana hivi: simu za majirani zipokewe tangu betri ijae hadi mawingu yafunge, bila malipo, usiku, hapana. Shemeji alikwenda mwenyewe nyumba kwa nyumba kueleza, na alieleza sababu. Alirudi kimya. Kisha akasema, "Mmoja ameniuliza kwa nini sikumwambia mtoto anaumwa kiasi hicho."

Mawingu yalikaa siku mbili mfululizo, na umeme wa mtaa haukurudi. Usiku wa tatu tulikuwa tumeketi, watoto wakirudia juzuu yao, mara taa zote nne zikazimika kwa pamoja. Watoto wakalalamika. Shemeji akasimama gizani, nasi tukajua anachowaza: angeweza kukishusha kile kiwango kwa kidole kimoja, taa zikarudi.

"Laleni," alisema. "Kilichobaki si chetu."

Saa nane usiku tuliamshwa na kikohozi. Dada alikwenda barazani na tochi ya simu, akawasha inveta. Mashine ikavuma. Ilivuma robo saa nzima katika nyumba yenye giza, na hakuna aliyezungumza. Bibi alikuwa na tasbihi yake. Mvuke ulipokwisha, pumzi ya mtoto ilikuwa imetulia. Dada alizima inveta, akamweka mtoto begani, akasema asubuhi atampeleka kwa daktari hata hivyo, na alimpeleka. Mashine ni ya kuvukia usiku, si hospitali.

Hatuandiki haya kwa kudai kwamba kila nyumba inunue paneli. Tunaandika kwa sababu tulidhani tumekwenda Turwa kupeleka taa, na tukakuta kwamba kazi ngumu haikuwa kuwasha bali kuamua kitu gani kizimike kwanza. Familia inayotaka kujenga akiba kama hii ianze na karatasi kabla ya duka, na katika karatasi hiyo iandike kwanza kile ambacho hakiwezi kungoja asubuhi. Kwa wengine ni mashine ya mgonjwa, kwa wengine simu moja ya kumwita mkunga. Betri ikizeeka isitupwe shambani, kwani risasi ni sumu. Ipelekwe kwa wanaozinunua chakavu.

Siku ya kuondoka jua lilitoka safi. Tulipokuwa tukifunga mizigo, taa ya kijani ya kontrola ilionyesha betri imejaa, na Adhuhuri haijaadhiniwa. Mtoto alikuwa mlangoni akipokea simu za majirani, akizipanga mezani moja moja, na kuuliza kila mwenye simu jina lake ili asizichanganye.