Koti la Paris, Mshono wa New York

Wanawake wenzangu mtanielewa. Mumeo akikuambia "chagua chochote, leo nalipa mimi", huulizi mara mbili. Yalinikuta hayo New York, tulipokwenda kusherehekea miaka kumi ya ndoa yetu kwa shangazi yake mume wangu. Shangazi anaishi New Jersey, ng'ambo ya mto, na kwa zaidi ya miaka ishirini kazi yake imekuwa kurekebisha nguo za watu.

Siku ya tatu, katika duka moja la nguo za zamani Manhattan, nikaliona. Koti la sufu la kijivu, mikono inaishia juu kidogo ya kifundo, vifungo vikubwa kama sarafu. Ndani lina lebo ya mbunifu maarufu wa Paris. Muuzaji akasema ni orijino, la miaka ya 1950. Bei? Dola 1,800. Jamani! Hizo zilikuwa karibu pesa zote tulizotenga kumalizia kiwanja chetu Kigamboni.

Mume wangu akatoa kadi. "Kiwanja kitasubiri," akasema.

Nikamshika mkono. Koti nililitaka, tena sana. Ila nilitaka shangazi alione kwanza. Hakupenda. "Yaani zawadi yangu mpaka ipitishwe na kamati?" Muuzaji akakubali kutuwekea hadi kesho yake.

Asubuhi tukapanda treni na shangazi hadi Mtaa wa 34, tukashuka na kutembea kwenye Seventh Avenue, ambayo sehemu hiyo vibao vya barabarani vinaiita pia Fashion Avenue. Karibu na Mtaa wa 39 kuna sanamu ya shaba ya fundi mwanaume ameinamia cherehani yake. Eneo hili ndilo lililoshonea Wamarekani nguo kwa miaka mingi.

"Wanangu," shangazi akaanza tukiwa pale pale, "watu hudhani kuna orijino na feki tu. Kuna kitu cha tatu. Kuna nakala yenye kibali."

Kumbe baada ya Vita Kuu ya Pili, maduka makubwa ya Marekani yalituma wanunuzi wao Paris kila msimu. Kuingia tu kwenye onyesho walilipia. Wakanunua nguo yenyewe, au kielelezo chake cha kitambaa cha bei nafuu, pamoja na haki ya kuinakili. Wakapewa na majina ya waliotengeneza kitambaa na vifungo. Duka la Ohrbach's, lililohamia Mtaa wa 34 mwaka 1954, jirani na Empire State Building, lilijulikana sana kwa nakala hizo. Lilifungwa mwaka 1987.

Wala nakala hazikuwa za wasio na uwezo tu. Suti ya waridi aliyovaa Jacqueline Kennedy siku mumewe alipouawa Dallas, tarehe 22 Novemba 1963, ni mtindo wa Chanel. Lakini ilishonwa New York na duka la Chez Ninon, kwa kitambaa na vifungo vilivyotoka Chanel, Paris, kwa ruhusa kabisa.

Tukafika dukani. Shangazi hata hakulitazama koti kwa mbele. Akaligeuza ndani nje.

Alianza na lebo. Nguo ya Dior iliyoshonwa Paris kwa vipimo vya mteja mmoja kwa kawaida huwa na lebo yenye msimu na namba. Nakala yenye kibali mara nyingi hutaja jina la duka lililoishona. Lebo yetu haikuwa na namba, na uzi ulioishikilia uling'aa kuliko nyuzi nyingine zote za koti. Chini yake kulikuwa na vitundu vidogo vya sindano, vimepangana mraba. Lebo nyingine iliwahi kukaa pale.

Halafu akapapasa mshono wa ubavuni, chini ya bitana. Akavuta kilebo kidogo chenye herufi ILGWU, chama cha mafundi wa nguo za kike cha Marekani. Koti la Paris litapataje lebo ya chama cha New York? Angalizo hapa: kilebo hicho peke yake hakiharibu nguo. Dior alifungua tawi lake New York mwaka 1948, na nguo za tawi hilo ni Dior halali, lakini lebo zake husema New York.

"Mbona limeshonwa vizuri hivi kwa mkono?" nikauliza, bado nina tumaini.

"Mafundi wa maduka makubwa nao walijua kushona, mwanangu. Mkono usikudanganye."

Basi nikaelewa. Koti lilikuwa nakala nzuri, iliyosema ukweli juu yake. Mtu mwenye mkasi ndiye aliyeligeuza feki. Muuzaji alipoonyeshwa vitundu akashusha bei hadi dola 700, palepale, bila maelezo. Tukamshukuru, tukatoka.

Mume wangu hakusema neno hadi tulipofika kona. "Nilitaka uvae kitu cha kweli," akasema. Nikaona kilichomuuma si bei. Nikamwambia pole, na kwamba ningemwambia mapema kwa nini nasitasita, badala ya kumshika mkono mbele ya muuzaji.

Jumamosi tukaenda soko la wazi la Chelsea, Mtaa wa 25. Safari hii yeye ndiye aliyegeuza nguo ndani nje, mimi nikabeba mifuko. Akapata gauni jeusi, zipu ya chuma, lebo haijaguswa: jina la mbunifu wa Paris, na chini yake jina la duka lililonakili. Dola 90.

Nimelivaa harusi mbili Dar. Wakiniuliza kama ni orijino, nawajibu hapana, ni nakala, halafu nawaonyesha lebo. Kiwanja tumemaliza kukilipia.