Ukihamia Ruanda ya Mbinga: Hela ya maji kwa wabeba mizigo

UKIISIKIA Ruanda hii usifikirie Kigali. Ni kata ya Wilaya ya Mbinga, mkoani Ruvuma, inayojulikana kwa makaa ya mawe ya Ngaka yaliyoanza kuchimbwa mwaka 2011. Kazi huleta watu: mwalimu kapangiwa shule, muuguzi kahamishiwa zahanati, dereva kafuata malori ya makaa. Nao huja na vitanda, makabati na watoto.

Fuso likifika, watu hujitokeza kushusha. Hapo wazazi wengi hujiuliza: niwape kitu cha ziada?

Kwanza jua nani amekuja. Wamatengo wana desturi ya ngokela: majirani humlimia mwenzao, naye huwaandalia chakula na kinywaji, kisha zamu huhamia kwa mwingine. Jirani aliyebeba meza yako kwa moyo huo, ukimpa noti, anaweza kuona unamlipa ili msidaiane tena. Mkaribishe chakula, na siku yake nawe ufike.

Kijana anayeishi kwa kubeba mizigo ni jambo jingine. Wali na maharage havimlipii kodi ya chumba. Patana naye kabla mzigo haujaguswa: ni kushusha tu, au hadi chumbani? Hela ya maji ni nyongeza, isipunguze malipo hayo. Si lazima, ila inastahili kazi ikizidi mapatano: mvua imenyesha, au gari limeshindwa kupanda hadi mlangoni. Mpe kila mmoja mkononi. Ukimkabidhi dereva zote, huna hakika zitagawanywa.

Kwa upande wa afya, linda migongo yao. Gunia la lumbesa huzidi kilo 100. Ligawe mara mbili kabla ya safari. Vitabu viweke kwenye maboksi madogo. Kabati libebwe na wawili au zaidi, wakikunja magoti badala ya kuinamia kiuno. Wape maji safi kazi ikiendelea. Pombe isubiri.

Watoto wakae mbali gari linaporudi nyuma. Mkimaliza, watume wapeleke maji, waamkie na waseme asante. Kesho wakiwakuta vijana hao njiani kwenda shule, watakuwa na watu wanaowafahamu katika kijiji kipya.