Kannapolis, Mji Ulioishi kwa Taulo

Msafiri atokaye Charlotte, katika jimbo la North Carolina nchini Marekani, akielekea kaskazini-mashariki, huwasili Kannapolis baada ya kilomita 40 hivi. Mji huu haukuanzishwa na serikali wala wakulima; ulizaliwa na kiwanda. Mwaka 1906 James William Cannon alinunua ardhi hapo, na punde mitambo yake ikawa inafuma taulo. Kampuni ilimiliki nyumba za wafanyakazi na sehemu kubwa ya mji, hata Kannapolis haikuwa na baraza lake hadi mwaka 1984.

Msomaji wa Afrika Mashariki asidhani habari hizi ni za mbali. Kile kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, kiitwacho marekani, kilipata jina hilo kwa kuwa katika karne ya 19 kilifika Unguja kwa merikebu kutoka Massachusetts. Viwanda vya huko kaskazini vilififia kazi ilipohamia majimbo ya kusini, ambako ujira ulikuwa mdogo. Kwa hiyo viwanda vya Carolina navyo viliinuka kwa hasara ya wengine, na yafaa hilo likumbukwe kabla ya kumlaumu mfumaji wa Karachi.

Kisha zamu ya kusini ikafika. Mikataba iliyowekea mipaka nguo za kigeni ilianza kulegezwa mwaka 1995, nazo taulo na shuka za Pakistan, India na China zikamiminika kwa bei nafuu. Lakini bei haikuua peke yake. Kampuni ya Pillowtex, iliyotwaa kiwanda mwaka 1997, ilikuwa imejitwika madeni mazito. Mwaka 2000 iliomba hifadhi ya mahakama kwa kufilisika, ikainuka kidogo, na tarehe 30 Julai 2003 ikafunga milango. Katika North Carolina pekee, watu wapatao 4,800 wakakosa kazi.

Palikuwa na jamaa ambao mume, mke na hata watoto walifanya kazi humo humo; nyumba za namna hiyo zilipoteza mishahara yote pamoja na bima ya matibabu. Wengi hawakuwa wamemaliza sekondari, kwani kiwanda kiliwachukua wangali vijana. Wakarudi darasani katika chuo cha Rowan-Cabarrus, watu wazima wenye wajukuu, kujifunza hesabu na kompyuta.

Majengo yalibomolewa, na mwaka 2006 minara ya moshi ikaangushwa. David Murdock, tajiri aliyewahi kumiliki kiwanda hicho miaka ya 1980, alinunua kiwanja akajenga kituo cha utafiti wa lishe na afya, kilichofunguliwa mwaka 2008. Kituo hicho kilihitaji wanasayansi kuliko wafumaji. Nalo jina la Cannon liliuzwa, likaendelea kushonwa kwenye taulo zilizofumwa ng'ambo.