Chukudu ndogo inangoja mgeni, chukudu kubwa inabeba viazi

Kila mtu wa Goma anajua chukudu. Inashuka na viazi, makala na kabichi kutoka Kibumba, inapita kando ya sanamu yake yenye rangi ya dhahabu pale rompwe, na inaendelea hadi sokoni. Fundi anayeichonga anajua mteja wake ni nani: ni kijana anayetaka kubeba mzigo kesho asubuhi. Lakini fundi yule yule, kwa vipande vya mbao vinavyobaki, anachonga pia chukudu ndogo ya kuweka juu ya meza. Hiyo haibebi kitu. Inamngoja mgeni atakayeipeleka kwao kama kumbukumbu.

Kwa miaka mingi chukudu ndogo ilipata wateja. Kulikuwa watalii waliopanda Nyiragongo, kulikuwa wafanyakazi wa mashirika, kulikuwa na Festival Amani, ambayo tangu 2014 ilikusanya watu wa mji pamoja na wageni kuzunguka muziki, chakula na kazi za mikono. Mwezi wa Machi, wakati wa siku ya wamama, meza zilipangwa. Desemba zilipangwa tena. Vikapo, mifuko ya kitenge, shanga, sabuni, sanamu za mbao, vyote vilipata pahali pa kuonekana.

Tangu mwisho wa Januari 2025, AFC/M23 ilipochukua mji, hesabu hiyo imevunjika. Uwanja wa ndege ulifungwa. Mabenki yalifunga milango. Wafanyakazi wengi wa mashirika waliondoka. Mwezi wa Februari kambi za kuzunguka mji zilianza kubomolewa, watu wakaambiwa warudi makwao. Mgeni aliyekuwa ananunua chukudu ndogo hayupo tena. Aliyebaki ni jirani, na jirani ana hesabu yake mwenyewe: unga kwanza, nyumba, kisha masomo ya watoto.

Sasa, je, mama mkimbizi aliyejifunza kusuka kikapo atupe kazi yake? Hapana. Lakini ni lazima ahesabu, na hesabu yenyewe inapaswa kuanza mbele ya vita kufika mjini, kwa sababu shida ilikuwepo tangu zamani. Wageni walikuwa wanaificha tu.

Tuchukue mfano wa mama mmoja wa watoto watano, mzaliwa wa kando ya Sake, katika Masisi. Alikimbia mwaka wa 2024 na kufika Bulengo, pembeni ya ziwa. Huko kambini alijiunga na wamama wengine waliokuwa wanasuka vikapo kwa nyuzi zilizofumuliwa kutoka mifuko ya chakula. Mikono yake ilikuwa tayari na ujuzi, maana bibi yake alimfundisha kusuka akiwa mtoto. Mwisho wa mwaka wa 2024 alialikwa kwenye maonyesho mjini. Alibeba vikapo 12. Alirudi jioni akiwa ameuza vitano, kila kimoja 10,000 FC. Watu wa kambi walimpongeza. Alikuwa na 50,000 FC mkononi, pesa ambayo hakuwa ameishika kwa miezi.

Binti yake mkubwa, aliyefika darasa la tano la sekondari mbele ya kukimbia, ndiye aliyeomba kalamu na karatasi.

Meza ililipiwa 20,000 FC. Pikipiki ya kwenda na kurudi, pamoja na mzigo, 6,000 FC. Chakula cha siku nzima kwake na kwa mtoto aliyekuwa mgongoni, 4,000 FC. Jumla 30,000 FC. Ndiyo kusema katika 50,000 zilibaki 20,000. Kiisha binti akauliza kuhusu rangi na nyuzi za kuongezea. Kila kikapo kilikula 3,500 FC. Vitano vilivyouzwa ni 17,500 FC.

Zikabaki 2,500 FC.

Kikapo kimoja kinachukua siku tatu. Vikapo vitano ni siku kumi na tano za kazi. Siku kumi na tano kwa 2,500 FC! Mama huyo, akienda kufua nguo za watu mjini, anapata 4,000 FC kwa siku moja. Na vile vikapo saba vilivyorudi kambini vilikuwa na 24,500 FC za rangi na nyuzi zilizolala ndani yake bila kuzaa kitu.

“Kumbe nilikuwa nawalipa wanunuzi,” mama alimwambia binti yake.

Ni kweli, na ni vizuri kuona alikuwa anawalipa kiasi gani. Rangi na nyuzi 3,500. Siku tatu za mikono, kwa bei ile ile ya kufua, 12,000. Sehemu ya gharama ya maonyesho, yaani 30,000 kugawanywa kwa vikapo 12, ni 2,500. Kikapo kile kilimgharimu 18,000 FC. Alianza kwa kuomba 15,000, kwa sababu ndiyo bei aliyosikia kwenye meza ya jirani. Mnunuzi akasema, “Mama, punguza kidogo, unisaidie.” Akapunguza hadi 10,000. Kwa kila kikapo mkimbizi wa vita alimpa mtu mwenye mshahara zawadi ya 8,000 FC, na juu ya hiyo akasema asante.

Kuna kosa ambalo wengi wanalifanya katika kazi hii. Mkono wa mama hauhesabiwi. Nyuzi zina bei kwa sababu zinanunuliwa. Rangi ina bei. Pikipiki ina bei. Lakini siku tatu za kuinama zinaonekana kama kitu cha bure, kwa kuwa hakuna mtu aliyekuja kuzidai. Watoto ndio wanaozidai, jioni, sufuria ikiwa tupu.

Kosa la pili ni huruma. Kwenye maonyesho mengi, meza ya wakimbizi inatangazwa kama meza ya kusaidia. Mnunuzi anakuja, anapiga picha, anasikiliza habari ya kijiji kilichochomwa, ananunua kikapo. Hiyo si mbaya. Lakini anayenunua kwa huruma hanunui mara ya pili. Anayenunua kwa sababu kikapo ni kizuri na anakihitaji, huyo atarudi, na atamleta dada yake.

Kosa la tatu si la wamama. Mradi unafika, unafundisha wamama thelathini kazi moja kwa wakati mmoja, unawapa vyeti, unaondoka. Wiki ile ile, wauzaji thelathini wa mfuko wa aina moja wanasimama kwenye soko moja. Wanashushiana bei wenyewe kwa wenyewe mpaka mfuko hauna tena maana. Kufundisha mikono bila kutafuta mnunuzi ni sawa na kuchonga chukudu bila magurudumu.

Mfano wa kazi iliyopata mnunuzi mbele haupo mbali. Ng'ambo ya mpaka, nchini Rwanda, baada ya 1994, wamama wengi, wengi wao wajane, walisuka vikapo vya agaseke. Mwaka wa 2005 duka kubwa la Marekani, Macy's, lilianza kuviuza. Watu wanakumbuka uzuri wa vikapo vile, na ni vizuri kweli. Lakini kazi haikusimama kwa uzuri peke yake. Kulikuwa na mtu aliyeagiza, aliyesema anataka vingapi, vya ukubwa gani na vya rangi gani, na msukaji alijua kikapo kinakwenda wapi. Hakusuka kwanza na kutafuta mnunuzi baadaye.

Kivu haina Macy's leo. Hata njia ya kutuma mzigo ni shida. Lakini kanuni ile inaweza kufanya kazi ndani ya kata moja.

Mama wa Sake hayuko tena Bulengo. Kambi ilipobomolewa alirudi kwao, akakuta nyumba haina mabati na shamba limeshikwa na magugu. Alikaa wiki mbili, akarudi mjini, akapanga chumba upande wa Ndosho pamoja na familia nyingine. Wasukaji wanne aliokuwa nao kambini wapo pia mjini. Wanakutana kila Alhamisi. Wamebadilisha mambo matatu.

La kwanza, hawaendi tena kwenye maonyesho kila mtu na meza yake. Wote watano wanalipia meza moja, na wawili tu ndio wanakwenda kuuza kwa niaba ya wengine. Meza 20,000, pikipiki za wawili 12,000, chakula 8,000: jumla 40,000 FC, yaani 8,000 kwa kila mama badala ya 30,000. Na wale watatu waliobaki nyumbani hawapotezi siku yao ya kufua.

La pili, hawasuki kikapo cha kwenda kungoja. Wanaonyesha vile vichache walivyonavyo kama mfano, na anayependa anaagiza na kutoa avansi ya nusu. Parokia moja iliagiza vikapo 12 vya sadaka, kwa 16,000 FC kila kimoja. Avansi ilikuwa 96,000 FC. Rangi na nyuzi za vyote 12 zilikula 42,000, na zilizobaki ziligawanywa papo hapo, mbele ya kikapo cha kwanza kumalizika. Hawakulipa meza wala pikipiki. Familia zinazoandaa harusi nazo zimeanza kuuliza vikapo vya kubebea zawadi. Hakuna mgeni wa kutoka ng'ambo hata mmoja kati ya wateja hao.

La tatu, wanafanya kitu ambacho jirani ananunua bila kuhurumia. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya usiku inajulikana. Watoto wanazaliwa kila siku, vita au hakuna vita. Mama wa Sake anafuma triko: kofia na soksi za mtoto mchanga. Uzi unamgharimu 3,000 FC, kazi ni ya jioni mbili baada ya kupika, na anauza 6,000 FC mlangoni pa kituo cha afya. Kwa wiki anauza pea tatu hadi nne. Hata akiuza tatu tu, ni 9,000 FC za faida kwa jioni sita, na siku zake za kufua hazikuguswa.

Si pesa ya kujenga nyumba. Haitoshi kulipa chumba. Mtu yeyote anayewaambia wakimbizi kwamba kazi ya mikono itawatoa katika umaskini kabla vita havijaisha anawadanganya. Ni pesa ya kuongezea: ya sabuni, ya chumvi, ya daftari, ya dawa ya homa mbele ya mtoto kuzidiwa. Ndani ya chumba kimoja chenye familia mbili, pesa hiyo ndogo ndiyo inayomfanya mama asiende kukopa kwa jirani ambaye naye hana.

Inahitaji kulindwa pia. Mabenki yakiwa yamefungwa, wengi wanapokea malipo kwa simu, na anayetoa pesa taslimu anakata sehemu yake. Wamama hawa watano wanaongeza makato hayo kwenye bei tangu mwanzo. Pesa ya uzi haichanganywi na pesa ya chakula. Inawekwa katika kisanduku cha AVEC yao, chenye kufuli tatu na funguo zinazoshikwa na wamama watatu. Siku njaa inapobisha, mtu mmoja peke yake hawezi kula mtaji.

Je, kikapo cha urembo kimekufa, basi? Binti wa mama yule anasema hapana. Jioni anasuka pamoja na mama yake, polepole, mchoro ule wa bibi ambao mtu wa kijiji chao akiuona anautambua. Hicho hawakiuzi. Mama anataka mtoto aujue mchoro kwa mikono, kwa sababu hakuna anayejua lini watarudi wote shambani, na nani atakuwa bado anakumbuka.

Maonyesho mengine yatakuja, na mialiko itafika kwa vikundi vingi. Mama aliyealikwa asikatae. Lakini mbele ya kubeba mzigo, achukue karatasi, aandike bei ya nyuzi, bei ya siku zake, bei ya njia na bei ya meza, kiisha ajumlishe. Asiyejua kuandika amwite mtoto wa shule. Namba itakayotokea chini ndiyo bei yake, na mteja akisema, “Mama, nisaidie,” atajua ni kiasi gani anaombwa kutoa.