Siku Ambayo Maziwa Yasipomwagika Ndiyo Msala!

Mtoto wa Kiswahili akiacha maziwa yamwagike jikoni, lazima asemwe. Lakini kwa Watamili wa kusini mwa India, kuna siku moja ambayo maziwa yasipomwagika ndiyo msala! Inaitwa Pongal, huangukia tarehe 14 au 15 Januari, na jina lenyewe maana yake ni kuchemka mpaka kufurika.

Sasa kuna binti mmoja, jina kapuni, mtoto wa mkulima wa mpunga, anapiga kazi ofisini jijini Chennai. Kijijini kwao sikukuu ni siku nne. Ya kwanza, vitu vichakavu vinachomwa moto. Ya pili ndiyo ya Jua: alfajiri kina mama wanachora maua ya unga wa mchele mlangoni, kisha mchele mpya unapikwa nje kwa maziwa na sukari guru. Povu likimwagika tu, wote wanapaza sauti, "Pongalo Pongal!" Jua linapewa kwanza, binadamu baadaye. Ya tatu ni ya ng'ombe: wanaogeshwa, pembe zinapakwa rangi. Ya nne ni kutembeleana.

Mwaka huo binti alikosa likizo. Anaishi fleti, uwanja hakuna, jua lenyewe limezibwa na ghorofa la jirani. Akaona aagize chakula kwa simu, apige picha, apost, yaishe.

Mara baba yake akapiga. Hakuuliza kazi wala mshahara. Aliuliza swali ambalo Watamili huulizana siku hiyo: "Mwanangu, maziwa yamefurika?"

Binti kimya. Alijua mvua za mwisho wa mwaka zilizamisha nusu ya mpunga wa mzee. Na bado mzee kapika!

Wengi hapo ndipo wanapochanganya. Pongal siyo kuringishia mavuno, ni kushukuru hata kwa kidogo. Siku hiyo ndiyo mwezi wa Thai unaanza, na wanaamini Thai ukizaliwa, njia nayo inazaliwa.

Binti akabandika sufuria kwenye gesi. Povu likapanda, likamwagika, likazima moto. Akapiga kelele peke yake, "Pongalo Pongal!" Ukutani upande wa pili, jirani ambaye hawajawahi hata kusalimiana akaitikia.

Kusugua jiko kulimchukua saa nzima. Mdau, wewe ungepika au ungeagiza?