Vimbweta vya Mlimani

Mlima wenyewe si mrefu. Ukishuka daladala kituo cha Savei, kwenye Barabara ya Sam Nujoma, unaziacha pilika za Mlimani City nyuma yako, njia inaanza kupanda kati ya miti, na tumbili wanakuangalia kutoka juu wajue kama mfuko wako una ndizi. Ni kilomita 13 hivi tu kutoka katikati ya jiji, lakini hewa ni nyingine kabisa. Hapa ndipo penye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Watu wa Dar husema Mlimani tu.

Wengi husifia majengo. Wana haki. Ukumbi wa Nkrumah una sura ambayo Mtanzania yeyote aliyewahi kushika noti ya shilingi 500 anaifahamu. Maktaba mpya, iliyojengwa kwa msaada wa China na kuzinduliwa mwaka 2018, ina nafasi ya wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja. Mimi nakuja kusifia vimbweta.

Kimbweta ni meza ya zege na mabenchi yake ya zege, vimejengwa hapohapo chini ya mti, havihamishiki na havina mwenyewe. Viko mbele ya kumbi za mihadhara, viko karibu na mabweni, viko hata mahali ambapo hukutarajia kukuta mtu. Juu ya zege utaona majina yaliyoandikwa kwa kalamu, hesabu iliyoishia katikati, alama ya kikombe cha chai. Muhula ukikolea, makundi hukaa hapo kwa diskasheni mpaka usiku. Lakini uzuri wa vimbweta niliouona mimi ni wa mwanzo wa mwaka wa masomo, Oktoba kuelekea Novemba, wa mwaka wa kwanza wanapoingia na mabegi yao.

Chuo kina wiki nzima ya kuwapokea. Wahadhiri, washauri wa wanafunzi na viongozi wa DARUSO, serikali ya wanafunzi, huwaeleza usajili, taratibu za mitihani, bima ya afya, malazi. Ni wiki ya maana, na mwanafunzi asikubali kuikosa. Ila mtu aliyeshuka na basi la Kigoma pale Stendi ya Magufuli, Mbezi, akiwa hajalala, hawezi kusimama kati ya mamia ya wenzake akauliza kontroli namba ya malipo ni kitu gani. Anaona aibu, analibeba swali lake mpaka nje. Na nje ndiko kuliko na kimbweta.

Niliwasikiliza wawili, nikiwa nimekaa benchi la jirani. Binti ana sanduku la bati na ndoo mpya yenye mfuniko. Kijana ni wa mwaka wa tatu, ana daftari limefunguka mbele yake.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Lakini hapa sisi wote wanafunzi, mdogo wangu, mambo tu yanatosha. Kaa."

"Jina langu halimo kwenye orodha ya vyumba. Ina maana nimekosa chuo?"

"Chuo hujakosa. Umekosa chumba, na hayo ni mambo mawili."

Akalifunga daftari. Akamweleza ofisi ya kuanzia ili aombe kuangaliwa tena, akamtajia hosteli za Magufuli, yale majengo 20 ya ghorofa yaliyofunguliwa mwaka 2017 kwa wanafunzi 3,840, akamtajia na Mabibo. Kisha akashuka kwenye mambo ambayo hayapo kwenye fomu yoyote. Ukikosa kabisa, panga na wenzako Changanyikeni au Msewe, maana kutoka huko unaweza kutembea mpaka darasani. Usilipe kodi ya miezi sita kabla hujafungua bomba ukaona maji. Bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, halikusubiri getini siku ya kwanza, kwa hiyo hela ya chakula uliyotoka nayo nyumbani usiimalizie kwenye mapazia. Atakayekubeba chumbani kwake mkalala mzungu wa nne kwenye kitanda cha futi tatu, mheshimu na kamwe usimzoee. Binti akauliza kwa sauti ndogo kama ni kweli watu wanadisko, yaani wanaondolewa chuoni kwa kufeli, mwaka wa kwanza. Akajibiwa kwamba ni kweli, na kwamba wengi wao walianza kwa kukosa darasa wiki mbili za mwanzo kwa sababu hawakujua kumbi za mihadhara za Yombo ziko wapi, wakaogopa kuuliza.

Hilo la mwisho ningelibandika kila kona. Ukubwa wa Mlimani unachanganya. Wa TEHAMA hupanda mlima na godoro lake, kumbe ndaki yake iko Kijitonyama. Wa uhandisi anaingia jengo la sayansi. Aliyeongoza shule nzima kule kwao anajikuta kati ya vichwa vilivyoongoza shule zao pia, na anaanza kujiona mjinga. Dawa ya yote hayo nimeiona ni moja, mtu wa kumuuliza, aliyepita njia hiyo juzijuzi na bado anakumbuka pale alipoteleza.

Wa kwanza kabisa hawakuwa na mtu huyo. Mwaka 1961 chuo kilianza Mtaa wa Lumumba kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria, mwanamke akiwa mmoja tu, Julie Manning, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Sheria. Mwaka 1964 wakahamia huku juu. Tangu hapo kila kundi limekuta lililotangulia, na Yoweri Museveni alipotoka Uganda kuja kusoma hapa mwaka 1967, alikuta wenyeji.

Kama una mdogo wako anayeingia mwaka huu, msindikize siku moja au mbili kabla ya usajili. Pandeni pamoja kwa miguu kutoka Savei ili njia imkae kichwani. Mwonyeshe kituo cha afya cha chuo, mwonyeshe maktaba, kuleni wali maharage kwa mama ntilie wa karibu ajue bei. Jioni ukiondoka, usimwache chumbani. Mwache kwenye kimbweta chenye watu.