Nyumba Inauzwa Chole

Jioni moja mwenzetu katika kikundi chetu cha akina mama alipigiwa simu na binamu yake wa kisiwani. Habari yenyewe ilikuwa fupi: nyumba ya babu yake huko Chole imepata mnunuzi, karatasi imeandikwa, na Babu ametia dole gumba. Mwenzetu akauliza, "Na Bibi anasemaje?" Binamu akanyamaza kidogo, kisha akajibu, "Bibi ataelezwa."

Akina mama wenzetu, neno hilo "ataelezwa" ndilo lililotupandisha basi. Hatukwenda kutalii, ingawa wapo wanaosafiri kutoka nchi za mbali ili kuiona Chole. Tulikwenda wanne ili mwenzetu asiingie peke yake katika kikao cha wanaume wa ukoo wake.

Kutoka Dar es Salaam tulipanda basi hadi Nyamisati, tukavuka bahari hadi Kilindoni, mji mkuu wa Mafia. Wenye fedha hupanda ndege ndogo, wakafika kabla chai haijapoa. Sisi tulifika tumelowa, na mmoja wetu ametapika mara tatu. Kutoka Kilindoni hadi ufuko wa Utende ni mwendo wa kilometa zipatazo 15 kwa gari, na hapo Chole unaiona mbele yako, imejaa miti, karibu sana hata ungedhani ukiita utaitikiwa. Mashua huvusha watu. Lakini bahari ikiwa imekupwa, kunja gauni lako na ubebe viatu mkononi, maana utatembea majini kabla ya kuifikia.

Kisiwani hakuna gari. Kuna njia za miguu chini ya miembe na minazi, nyua zilizofagiwa vizuri, na wanawake barazani wakisuka ukili. Tulisikia pia mlio wa tezo, kwa kuwa mafundi wa Chole bado wanaunda majahazi kwa mkono. Kwenye miti mikubwa popo wananing'inia mchana kutwa kama nguo zilizoanikwa. Ni popo wakubwa wala matunda, wa jamii ya wale wa visiwa vya Komoro. Magharibi wanaruka kwa mamia kwenda kutafuta chakula, na watoto wa huko hata hawainui macho. Sisi tuliinua, na mmoja wetu alijifunika kanga kichwani.

Kabla ya kufika kwa Bibi ilitubidi tupite kwenye magofu. Mpenzi msomaji, hapa ndipo palipokuwa mji mkuu wa Mafia katika karne ya 19, ukiitwa Chole Mjini. Kulikuwa na nyumba za mawe za Waarabu, maduka ya Wahindi na hekalu lao, na baadaye majengo ya Wajerumani. Leo miti ya jamii ya mkuyu imeota juu ya kuta, na mizizi yake inateremka penye milango na madirisha ikiyakumbatia mawe. Ukiitazama hujui kama mti unaiangusha nyumba au unaizuia isianguke.

Kisiwa hiki kimeshawahi kuuzwa. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walipatana juu ya mipaka yao huku Afrika, na Ujerumani ikamlipa Sultani wa Zanzibar marki milioni nne kwa ajili ya ukanda wa pwani ya bara pamoja na Mafia. Watu wa Chole walilala chini ya Sultani wakaamka chini ya Mjerumani. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani wakahamishia makao yao Kilindoni, na mwaka 1915 Waingereza wakaja wakakitwaa kisiwa chote. Tulipokuwa tukisimuliana hayo mbele ya gofu la boma, mwenzetu alisema polepole, "Nao pia walielezwa baadaye." Tukaendelea na safari.

Basi tukafika. Nyumba yenyewe inataka maelezo kidogo, kwa sababu haifanani na nyingine kisiwani. Babu, ambaye sasa anakaribia miaka 90, alikuwa kibarua wa ujenzi Dar es Salaam katika ujana wake, miaka ya 1950, wakati serikali ya kikoloni ilipokuwa ikijenga nyumba za Kota kule Magomeni. Wasomaji wetu wa Dar mnazikumbuka: nyumba za kuungana, safu ndefu, ukuta wa jirani ndio ukuta wako, madirisha mapana, hazina urembo wowote, na kila mlango umefanana na wa pili. Watu wengi walizidharau. Yeye alizipenda. Aliporudi Chole aliwajengea familia mbili, yake na ya mdogo wake, nyumba mbili chini ya paa moja la bati, na ukuta mmoja katikati. Kuta ni za mawe na chokaa, sakafu ni ya saruji nyekundu ambayo Bibi ameisugua kwa miaka zaidi ya 60 hata inang'aa kama sahani. Mbele kuna baraza moja ndefu bila kizuizi, ili wake wa ndugu hao wakae pamoja.

Mdogo wake alifariki. Mkewe akafuata. Wanao wanaishi Kilindoni na bara, na upande wao wa nyumba umefungwa kwa kufuli. Wana haki ya kuuza kilicho chao. Tena si watoto wabaya: mmoja anadaiwa fedha za mashine ya boti, mwingine ana watatu shuleni. Shida ni kwamba mnunuzi hataki nusu ya paa. Anataka nyumba nzima na kiwanja chake, ili ajenge vyumba vya wageni. Ndipo wakamfuata Babu, ambaye siku hizi husahau asubuhi alichosema usiku, wakampa wino.

Bibi alitupokea kama wageni wa harusi. Tulikula wali wa nazi na samaki, na kabla ya kula alitungojea tuombe. Alipokwenda kuswali, sisi tukaangalia chungu chake jikoni. Hakuligusa jambo la nyumba hadi sahani zilipooshwa. Kisha akakaa mkekani, akasema:

"Wanangu, mimi sikatai nyumba kuuzwa. Nyumba ni mawe. Nimewauliza mambo matatu, hawajanijibu. Mzee akifa, ataoshewa wapi? Ile minazi nyuma ya ua niliipanda mimi, kila mmoja kwa mtoto niliyemzaa, nayo imeuzwa? Na mimi nitakaa kwa nani?"

Tukanyamaza. Swali la minazi si dogo pwani yetu, ambako kwa mila mtu anaweza kuwa na mnazi katika ardhi ya mwingine. Lakini hilo la tatu ndilo lililotuchoma, kwa maana kila mmoja wetu alijiuliza angelijibu vipi nyumbani kwake.

Mmoja wetu aliwahi kuwa karani wa mahakama ya mwanzo, na usiku ule alitufundisha mambo ambayo yafaa kila mwanamke aliyeolewa ayajue. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inakataza mume au mke kuuza, kugawa, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake maadamu ndoa ipo. Na iwapo imeuzwa hivyo hivyo, haki ya aliyebaki kukaa humo haifutiki kwa sababu mnunuzi amelipa. Tena kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, mauzo ya ardhi ya kijiji yanataka kibali cha halmashauri ya kijiji. Dole gumba la mzee mmoja halitoshi. Vilevile alitukumbusha kwamba mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya familia. Bibi alisikiliza, akaangalia sakafu yake nyekundu, akauliza, "Hata kusugua?" Tukamjibu, "Hata kusugua, Bibi."

Kikao kilifanyika asubuhi barazani. Vijana walifika na mzee mmoja wa ukoo, na tunakiri tulikwenda tumejiandaa kwa vita. Haikuwa vita. Mwenzetu alianza kwa shikamoo, akawapa pole kwa deni, ndipo akaeleza sheria. Kijana mkubwa aliinamisha kichwa. Alisema hakujua kwamba Bibi anahusika na karatasi. Sisi tunaamini hakujua kweli, na hilo ndilo linalotisha zaidi, maana aliyelelewa na Bibi huyo, akala mkononi mwake, hakuwahi kufikiri kwamba ana neno katika nyumba hiyo.

Babu alikuwa ameketi pembeni na fimbo yake. Ghafla alituuliza sisi tuliotoka Dar, "Zile nyumba zetu za Magomeni, bado zimesimama?" Tulitazamana. Mwenzetu akamwambia ukweli: zilivunjwa, pakabaki wazi miaka mingi, na mwaka 2022 yakafunguliwa maghorofa mapya ya kaya 644, wale waliokuwa wakiishi zamani wakarudishwa. Babu alifikiri kwa muda mrefu, kisha akasema, "Na milango? Ilikuwa milango mizuri." Hakuna aliyejua ilikokwenda milango.

Fundi aliitwa. Alipanda darini, akashuka na utando wa buibui kichwani, akatangaza kwamba ukuta wa katikati unaishia kwenye dari, haufiki kwenye bati. Ukipandishwa hadi juu, na bati likikatwa pale, nyumba zinakuwa mbili kweli, na upande mmoja unaweza kuuzwa bila kuugusa mwingine. Mawe ya kujengea si kama zamani: Chole imo katika Hifadhi ya Bahari ya Mafia iliyoanzishwa mwaka 1995, na matumbawe ya baharini hayachimbwi. Itabidi zitumike tofali na saruji, na kila mfuko unalipa nauli ya mashua kama abiria. Fundi alihesabu mifuko 14. Vijana walisema mnunuzi huenda akakubali nusu kwa bei ndogo, huenda akakataa. Mtendaji wa kijiji aliichukua ile karatasi ya dole gumba akaiweka pembeni, akasema asiandikiwe nyingine hadi Bibi awepo.

Baraza itakatwa? Hilo ndilo swali pekee lililomfanya Bibi apandishe sauti. Baraza haikatwi, alisema. Mnunuzi akija na aje, atakuta mkeka.

Tuliondoka maji yakiwa yanajaa. Bibi alitupa nazi kumi na mbili na mkeka mmoja, na mwenzetu alikataa kuubeba mkeka, akauacha barazani upande ule wa kufuli. Ndani ya mashua tulitoa daftari la kikundi na kuanza kuandika: mifuko minne kutoka kwa huyu, miwili kwa yule. Tulipofika Utende ilikuwa imefika tisa, imebaki mitano.